Sauti Inakaa kwa Wifi

Mimi kazi yangu ni pasi. Napiga pasi, nakata nyuzi, natia vifungo vya foronya, na kwa kuwa kazi hiyo haihitaji masikio, masikio yangu yanasikia ya watu. Ndiyo maana naweza kuwaeleza habari za mwenzangu bila kubabaisha. Atakayenuna na anune.

Mwenzangu huyo ni mshona mapazia. Jina lake la kuzaliwa wanalikumbuka wachache. Mtaa mzima unamwita Pindo, kwa sababu akishona pindo la pazia likapotoka hata kwa upana wa uzi, halali. Analitazama, anafyonza, anachukua wembe, anafumua. Mteja kasimama mlangoni na haraka zake, yeye anafumua. Kazi hiyo kafundishwa na mama yake mzazi, ambaye sote tunamwita Bibi, naye alikuwa mshonaji wa kutegemewa kabla macho hayajamsaliti.

Wanaishi wawili tu, Pindo na Bibi. Mume wa Pindo aliondoka zamani na hatuna haja ya kumtafuta humu. Binti yake kaolewa mbali. Nyumba yenyewe ni ndogo: sebule ya vigae vyeupe, kuta tupu, madirisha mawili ya vioo yaliyofunikwa vipande vya kitambaa chepesi vilivyobaki kwenye kazi za watu. Ndiyo, mmesikia sawasawa. Mshona mapazia hana mapazia. Nilimsema mpaka nikachoka. Jibu lake lilikuwa moja, "Kinyozi hajinyoi," halafu anacheka kana kwamba kashinda kesi.

Bibi ana presha ya macho. Anatofautisha mchana na usiku, basi. Lakini tamthilia ya jioni haimpiti, anaifuata kwa masikio. Anamjua mtu kwa viatu vyake kabla hajafungua mdomo, anamjua mwongo kwa anavyovuta pumzi. "Yule shemeji yao ni mwizi," atasema, nasi tutambishia, na kabla wiki haijaisha shemeji kaiba. Shida ilikuwa televisheni ya Pindo. Ilikuwa ile nyembamba ya kawaida, sauti yake inatokea mgongoni, inazungumza na ukuta. Bibi alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza, na bado akawa anauliza, "Kasemaje? Kasemaje huyo?"

Pindo ana kaka mmoja, dereva wa malori ya masafa marefu, na kaka huyo ana mke. Mke huyo ndiye wifi wa habari hii. Anakaa mapokezi kwenye zahanati, mwanamke mnene, mcheshi, mkono wazi. Nasema mapema ili msije mkamtafutia ubaya. Pindo alimtafutia miaka nenda rudi asiuone, na hilo ndilo lililozidi kumuudhi.

Wifi na kaka walipojenga nyumba upande wa pili wa mji, wifi alikuja karakana kwetu na vipimo mkononi. Madirisha manne sebuleni, marefu, kutoka darini hadi sakafuni. Pindo akaona gere pale pale, nilimwona shingo inavyomvimba. Ningekuwa mimi ningemshonea ya kulipua yaishe. Yeye akafanya kinyume. "Asije akapata la kusema," akaniambia. Akachagua mahameli nzito, akatia bitana nene, akatia safu ya pamba katikati, mikunjo akaibananisha, na pindo lenye upana wa kiganja akalishona lote kwa mkono. Mimi mabega yaliniuma kwa kuyapiga pasi. Yale mapazia yalishonwa kwa wivu mtupu, na tangu niingie karakana ile sijaona mazuri kama yale.

Yalipotundikwa, wifi alilia kwa furaha. Pindo alirudi kanuna. Nyumba ya wifi ilikuwa imependeza zaidi, na aliyeipendezesha ni yeye.

Haukupita muda kaka akarudi safari na homu thieta. Si redio, jamani, homu thieta: spika nne za pembeni, moja ya katikati chini ya televisheni, na sabufa, lile sanduku la mdundo linalokaa chini na kutikisa nyayo. Jumapili moja akaja kumchukua Bibi, akae kwao jioni. Bibi aliporudi alikuwa mtu mwingine.

"Mwanangu," akamwambia Pindo, "kule sauti inakaa."

"Inakaa vipi, mama?"

"Inakaa. Mtu akisema neno, neno linakaa mahali pake. Nimemsikia mtu akimeza mate."

Kesho yake karakana Pindo alijidunga sindano kidoleni, kosa ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Nikamuuliza ana nini.

"Namwonea wivu," akasema. "Haya, nimesema. Kaka yangu kamchukua, nyumba anayo, meno anayo meupe kama ya matangazo. Sasa anamtaka na mama?"

"Hajamtaka. Kaangalia naye tamthilia tu."

"Ndivyo wanavyoanza."

Na kweli, ilianza Jumapili, ikawa Jumamosi na Jumapili, mara nikaona Alhamisi Bibi anauliza khanga yake ya kusafiria iko wapi. Kisha kaka akatoa lake. Alikuwa anaongeza chumba nyuma ya nyumba, kwa ajili ya mama, karibu na choo, chenye hewa. "Chumba kikishakauka rangi, mama achague mwenyewe atakapoishi," akasema. Kwa upole kabisa, na hapo ndipo palipouma. Mtu akikugombeza utamgombeza. Akiwa mpole utafanyaje? Pindo aliitikia "sawa kaka", halafu akaja kwangu akakaa kwenye rundo la mashuka.

"Mama akiondoka," akasema, "nitabaki nazungumza na cherehani."

Nikaendelea na pasi.

Ndipo akakata shauri: atanunua yake. Alikuwa na akiba ya cherehani mpya, ya zamani imeshaanza kuruka mishono. "Itaendelea kuruka," akasema. Akanichukua tukaenda duka la vyombo vya sauti. Muuzaji alikuwa bwana mwembamba aliyechomekea shati mpaka linataka kuchanika, na nyuma yake maboksi yamepangwa hadi darini.

"Karibuni, mama zangu. Mnataka ya muziki au ya filamu?"

"Nataka ya kumrudisha mtu nyumbani," Pindo akasema.

Bwana yule akatabasamu kijanja. "Nimekuelewa, mama. Mwanamume akishaisikia hii, hatoki tena."

"Nani kakutajia mwanamume?"

Akameza tabasamu lake. Akatuonyesha kwanza spika moja ndefu iliyolala kama rula. Akasema hiyo inatosha kabisa kwa chumba kidogo, sauti za watu zinatoka safi.

"Na nani kakwambia changu ni kidogo?"

"Basi nieleze, mama. Chumba chako kikoje? Sakafu ni ya vigae au kuna zulia? Una mapazia?"

Loo! Angemuuliza chochote kingine. Pindo alivuta pumzi mpaka kifua kikapanda.

"Mimi? Unaniuliza mimi habari za mapazia? Wewe unauza spika au unatafuta pa kupanga?"

Nikamshika mkono wa gauni. Bwana wa watu alikuwa anafanya kazi yake, lakini Pindo alisikia dharau, alisikia mtu anachungulia umaskini wake dirishani. Muuzaji akainua mikono juu, akasema mteja ni mfalme. Pindo akamweleza homu thieta ya wifi, ile yenye taa ya buluu na kitufe kikubwa cha kuzungusha.

"Ninayo."

"Unayo kubwa kuliko hiyo?"

"Ninayo pia. Hii hapa, kaka yake."

"Nipe huyo kaka mtu."

Akaijaribu pale pale. Ndege ikapita darini, radi ikapiga, kikombe cha chai kikatembea juu ya kaunta. Pindo akatabasamu, mara ya kwanza tangu siku ya sindano. Mimi nikawaza, huyu mtu kaja kununua sauti ya maneno, mbona anapimiwa radi? Lakini nilikuwa nimeshachoka kusimama, nikanyamaza. Kunyamaza kwangu nako kulichangia, wala sijifichi.

Siku ya uzinduzi, maana Pindo aliifanya uzinduzi hasa, alimwita kaka, akamwita wifi, akaniita mimi. Spika zimefutwa, waya zimefichwa, Bibi kawekwa katikati kwenye kiti chenye mto. Tamthilia ikaanza. Ilikuwa sehemu tamu, yule kijana wa duka la maua anamposa binti wa watu.

Bibi akakunja uso. "Mbona wanagombana?"

"Hawagombani, mama. Anamposa."

"Anamposa ndani ya pipa?"

Na kweli ilikuwa pipa. Neno linatoka kwenye spika, linagonga kigae, linagonga ukuta, linagonga kioo, linarudi kukutana na neno la pili linalotoka. Pindo akaona dawa ni kuongeza. Akaongeza. Sabufa ikanguruma, vioo vya dirisha vikatetemeka, jirani akagonga ukuta.

"Labda ipunguzwe kidogo, wifi," wifi akasema taratibu.

"Wewe yako huwa unaipunguza?"

"Hapana, lakini..."

"Basi!"

Bibi alivumilia mpaka mwisho. Akanyoosha mkono, akampapasa Pindo begani. "Ni nzuri, mwanangu," akasema, nami nikajua imekwisha, maana Bibi kitu kikimpendeza huuliza maswali mia. Jumamosi akafunga kifurushi chake akaenda kule sauti inakokaa.

Pindo akaibeba homu thieta mpaka dukani, akamwambia yule bwana kamuuzia bandia. Bwana akaiwasha mbele ya maboksi yake. Ikaimba kama kinanda. "Mama, mimi nilikuuliza chumba," akasema.

"Usinitajie chumba changu!"

Tukarudi nayo. Njiani akaapa kwamba wifi kaitia kijicho siku ile ya uzinduzi, alimwona alivyokuwa anaitazama. Nikamwambia, Pindo, kijicho katika habari hii nakijua kinapolala, na si kwa wifi. Akaongeza hatua, akaniacha nyuma.

Chumba cha Bibi kule kwa kaka kikafikia kupakwa rangi. Wifi akaona kwa kuwa mafundi wapo, wapake na sebule pia. Kwa hiyo siku moja gari la kaka likasimama mbele ya karakana, likashusha vitu viwili. Cha kwanza Bibi mwenyewe, anakohoa kwa harufu ya rangi. Cha pili yale mapazia, yamejaa vumbi, wifi anaomba tuyafue na kuyapiga pasi mpaka rangi ikauke.

Sasa, pazia zito lina adabu yake. Ukishalipiga pasi hulikunji, ukilikunja linashika alama. Unalitundika, linalala wima, mikunjo inashuka yenyewe kwa uzito. Karakana ilikuwa imejaa mashuka ya nyumba ya wageni, hakuna pa kutundika hata leso. Tukayapeleka nyumbani kwa Pindo. Tukapigilia misumari, tukavuta kamba nene ukuta hadi ukuta, tukayatundika pande mbili za sebule na juu ya madirisha. Yaliyozidi nikayatandaza sakafuni juu ya shuka safi, nikawa nayamalizia pindo kwa pasi.

Saa ya tamthilia ikafika. Pindo akabonyeza rimoti bila hamu, ili mama asikose tu. Mimi niko chini nimepiga magoti.

Bibi akainua kichwa. "Nyamazeni."

Hatukuwa tumesema kitu. Kwenye tamthilia mtu aliweka glasi mezani. Ukasikia glasi, ukasikia na maji ndani ya glasi. Mwanamke mmoja akasema jina la mumewe polepole, na jina likakaa pale pale aliposimama.

"Leo imekaa," Bibi akasema. Uso wake wote ulifunguka. "Leo sauti imekaa! Mmeifanya nini?"

Tukatazamana. Hakuna aliyegusa kitu. Mimi nikasimama nikapiga kofi moja, paa. Chumba kile nakijua, ukipiga kofi linakurudia. Safari hii halikurudi. Nikapiga la pili. Halikurudi. Tukageuka wote wawili tukayatazama mapazia.

"Makubwa haya," nikasema. "Pindo, mwenzangu. Ulikuwa unajionea wivu mwenyewe. Ile sauti ya wifi umeishona wewe."

Nilidhani atacheka. Nilitaka acheke. Alikaa chini kwenye kigae, akavuta pazia moja likamfunika magoti, akakaa nalo hivyo mpaka tamthilia ikaisha. Kisha akasema neno moja.

"Hayarudi."

Na hayakurudi. Wifi akapiga simu: rangi imekauka, mapazia vipi? Pindo akasema bado yana unyevu. Akapiga tena. Bado mikunjo haijashuka. Mara ya tatu wifi akawa na malalamiko mengine: homu thieta yao imeharibika, inalia kama imo kisimani, kaka kamleta fundi kaifungua yote kaisambaza sakafuni haoni ubovu. Pindo akaziba simu kwa kiganja, akacheka mpaka machozi, halafu akaitia sauti yake huruma. "Pole, wifi. Litakuwa vumbi la rangi hilo. Limeingia kwenye spika."

Mimi kicheko kilinikauka. Wivu nauelewa, nani hana? Lakini kumwacha fundi wa watu afungue mashine nzima...

"Siku za mwizi arobaini," nikamwambia.

"Nimeiba nini? Si nimeshona mwenyewe?"

"Na umelipwa mwenyewe."

"Wewe piga pasi."

Nikapiga pasi. Nyumbani kwake Bibi alikuwa na furaha kama mtoto, kila jioni kwenye kiti chake, hataki kusikia habari ya safari. Kifurushi chake kilining'inia msumarini. Pindo aliacha kufyonza. Alianza hata kuimba akishona, na sauti yake si ya kuimbia watu.

Wifi alikuja bila kupiga hodi ya simu. Alikuwa na shughuli upande wetu, akaona apite amsalimie mama mkwe, na kawaida yake hufika na matunda. Mlango ulikuwa wazi. Mimi na Pindo tulikuwa ndani. Wifi akaingia na mfuko wake, akasema "Wenyewe?", akasimama katikati ya sebule, akayaona mapazia yake ukutani, Bibi kakaa chini yake na pindo vidoleni.

"Wifi," akasema. "Haya si yangu?"

"Mikunjo haijashuka," Pindo akasema.

"Mpaka leo?"

Kwenye televisheni mtu alikuwa anasoma habari, kila neno limekaa mahali pake. Wifi akasikiliza. Si mjinga yule, anakaa mapokezi, anajua watu wanavyodanganya. Nikaona ameelewa. Nikajiandaa kwa vita, nikatafuta kwa macho pasi iko wapi nisije nikaikalia.

Wifi akakaa kwenye mkono wa kiti. Sauti yake ikatoka ndogo.

"Unajua mama akija kwangu anakaa wapi? Kochi nililomnunulia halikalii. Anavuta kigoda mpaka dirishani, anashika pindo la pazia, ndipo anasema washa. Mgeni akiingia anamwita: njoo ushike hapa, hii kazi ya mwanangu. Mchukua taka kashikishwa. Daktari wetu kashikishwa. Nakaa nyumbani kwangu mwenyewe, Pindo hivi, Pindo vile. Hujui tu ninavyokuonea wivu, wifi. Mimi mama yangu sikumjua. Nani atashika kitu akasema hiki kakifanya mwanangu, akimaanisha mimi?"

Pindo alimgeukia Bibi. "Mama, hukuwahi kuniambia."

"Nilikwambia kule sauti inakaa," Bibi akasema. "Hukuniuliza kwa nini. Ulinuna." Akaliachia pindo. "Na haya nayajua tangu jioni ya kwanza. Pindo nililolifundisha mimi nitalikosaje? Nilikuwa nangoja uyarudishe bila kuambiwa."

Miaka yote niliyomjua Pindo sijawahi kumwona akiona haya vile. Alipanda kiti, akayashusha moja moja bila kusema, wifi akayapokea chini. Siku hiyo hiyo akaenda nayo, akayatundika kwa mikono yake kwenye madirisha ya mwenziwe, na wifi kanieleza baadaye kwamba alilainisha kila mkunjo. Kisha kaka akamwambia chumba kimekauka, Jumamosi atakuja kumchukua mama na vitu vyake. Bibi hakusema ndiyo, hakusema siyo.

Pindo alirudi karakana, akafungua kabati, akatoa jora la mahameli ya kijani alilolificha muda mrefu akingoja mteja wa maana. Mashuka ya nyumba ya wageni akayasukuma pembeni.

"Nani kaagiza?" nikamuuliza.

"Mimi."

Cherehani iliruka mishono, akaifokea, akaendelea. Alishona kama anayefukuzwa. "Ya wifi yalikuwa na bitana moja?" akaniuliza katikati ya kazi.

"Moja."

"Tia mbili."

Nikacheka, nikatia mbili. Mtu hageuki kuwa malaika kwa siku moja, na mimi malaika sijui ningefanya naye kazi vipi. Kuna wakati aliacha kushona akajifuta uso kwa kipande cha bitana, halafu akaendelea. Ijumaa jioni tukayatundika.

Jumamosi kaka akaja na wifi ndani ya gari. Akabeba godoro, kifurushi, sanduku, na kigoda cha Bibi, akavipanga nyuma. Wifi alibaki kiti cha mbele na kioo kimeshushwa, kavaa vizuri, anatabasamu. Bibi akasimama sebuleni aage. Alipiga kofi moja kwa mikono yake iliyokauka. Kofi likazama.

"Sauti inakaa," akasema.

"Inakaa, mama," Pindo akasema. "Lakini wewe unakwenda. Inakaa na nani?"

Bibi akageuka. Akapapasa ukuta mpaka akalifikia pazia la kwanza, akainama, akaliokota pindo. Akaanza kulipitisha vidoleni kutoka pembeni, polepole, kama mtu anayesoma. Nje kaka akapiga honi. Bibi akaendelea. Katikati ya pazia la pili akasimama.

"Hapa ulikuwa na hasira."

"Wapi?"

"Hapa. Uzi umebana. Na hapa mbele ulikuwa unalia, umelegea." Akalinyanyua pindo, akampa mkononi. "Fumua."

"Mama, kaka anasubiri."

"Fumua, mwanangu. Kule kila kitu kimeshakwisha, hakuna hata uzi wa kuniuliza. Hapa kuna kazi." Akanigeukia mimi, maana anajua nilipo hata nisipopumua. "Na wewe wa pasi, kawaambie huko nje washushe mizigo yangu. Waanze na kigoda, miguu inaniuma."

Nikatoka nikawaambia. Kaka alifungua mlango wa nyuma bila ubishi, kacheka peke yake akitikisa kichwa. Wifi hakucheka. Midomo ilimshuka, akaupandisha mkono kushika shingo, na machoni nikaona kitu ninachokijua vizuri, maana nimekaa nacho karakana moja miaka mingi.

Nikabeba kigoda nikaingia nacho. Bibi alikaa, akavuta pindo magotini, akasema anzia hapa. Pindo alikuwa ameshashika wembe.